Picha za sampuli za mimea: DSpace, Omeka S, Specify au Symbiota?

Vyuo vingi vyenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, hufika mahali pamoja. Kamera imenunuliwa kwa fedha za mradi, picha elfu kadhaa zimepigwa, zimejaa kwenye diski za nje juu ya meza ya mtunza sampuli, na mradi unaelekea ukingoni. Hapo ndipo mtu anauliza kikaoni: sasa hizi tunaziweka wapi? Jibu la kwanza huwa DSpace, programu ya ghala la kidijiti la maktaba, kwa sababu maktaba tayari inayo. Jibu la pili ni "tutafute programu maalumu", kisha majina yanamiminika mpaka kikao kinaahirishwa.

Hapa nalinganisha njia ambazo zinaweza kumudiwa na chuo chenye karatasi za sampuli kama elfu ishirini na fundi mmoja wa TEHAMA, ambaye bila shaka ndiye pia anayeitwa printa ya idara ikigoma. Msimamo wangu niuseme mapema usije ukautafuta: kumbukumbu kuu iwe ya sampuli, na picha ishikizwe juu yake. Mfumo unaopokea faili kwanza kisha ukakuomba ulielezee utakusumbua, hata kama ni mfumo mzuri kwa kazi nyingine.

Karatasi moja, lebo tatu

Chukua karatasi ya mfano. Mmea mdogo wa Saintpaulia, lile ua la Usambara ambalo leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani huko Ulaya, umebandikwa kwenye karatasi ngumu ya sentimita 29 kwa 42. Lebo ya chini kulia imepigwa taipu: *Saintpaulia ionantha*, Amani, alt. 3000 ft, 7.iv.1958, jina la mkusanyaji, namba yake 12/5, na pembeni pameandikwa T3. Juu ya lebo hiyo kuna kipande cha karatasi cha mtaalamu aliyepita baadaye akautambua mmea kwa jina jingine. Kisha kuna cha tatu, kipya kabisa, kinachosema *Streptocarpus ionanthus*. Jina Saintpaulia lilitolewa mwaka 1893, kutokana na mimea iliyopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni huko Tanga. Mwaka 2015 wataalamu waliiingiza jenasi yote ndani ya Streptocarpus. Mmea haujasogea kabatini, jina ndilo limehama.

Soma lebo hiyo polepole. "iv" ni Aprili, kwa kuwa wataalamu wa mimea wana desturi ya kuandika mwezi kwa tarakimu za Kirumi ili siku na mwezi visichanganyike. T3 ni eneo la Tanga katika mgawanyo wa *Flora of Tropical East Africa*, mfululizo wa vitabu vya mimea ya ukanda huu: Tanzania bara ina T1 hadi T8, Kenya K1 hadi K7, Uganda U1 hadi U4, Unguja ni Z na Pemba ni P. Namba 12/5 ni ya daftari la mkusanyaji, haina uhusiano wowote na tarehe. Futi 3000 ni mita 914, lakini anayenakili lebo anatakiwa atunze pia zile futi kama zilivyoandikwa, maana aliyeandika pengine alikuwa anakadiria tu, na "mita 914" inaonekana kama kipimo cha mtu aliyebeba kifaa.

Kwa hiyo kumbukumbu ya karatasi hii ina tabaka: lebo inavyosema neno kwa neno, sisi tunavyoielewa, historia ya majina pamoja na nani alisema nini na lini, halafu picha zenyewe na haki zake. Kiwango kinachojua mambo haya ni Darwin Core, kilichopitishwa mwaka 2009 na TDWG, jumuiya ya kimataifa ya viwango vya taarifa za viumbe. Kina safu ya mkusanyaji, ya tarehe ya kukusanya, ya mahali kama palivyoandikwa, ya latitudo na longitudo, hata ya kusema kosa la mahali linaweza kuwa mita ngapi. Dublin Core, inayotumiwa na maktaba, ilianzia mwaka 1995 huko Dublin, Ohio, na msingi wake ni vipengele 15: kichwa, muundaji, tarehe, mada na kadhalika. Ilitungwa kwa ajili ya nyaraka. Taarifa za picha yenyewe, yaani nani alipiga, lini na kwa leseni gani, zina kiwango chake kinachoitwa Audiovisual Core, ambacho zamani kilijulikana kama Audubon Core.

Tuipitishe sasa karatasi hii kwenye kila mfumo.

Folda na Excel

Usiidharau. Kazi nyingi nzuri zilianzia hapa, na faili la Excel lenye vichwa vya safu vya Darwin Core linaingia kwenye mfumo wowote utakaouchagua baadaye. Ila Excel ina ujuaji. Ukiandika 12/5 inageuza kuwa tarehe. Ukiandika 0004512 inakula sifuri za mwanzo na kubakiza 4512. Dawa ni kuziweka safu zote kuwa za maandishi kabla ya kuandika herufi ya kwanza, na kuhifadhi kwa CSV ya UTF-8. Inaposhindwa kabisa ni kwenye majina matatu: mstari ni mmoja, majina ni matatu, basi watu wanaongeza "jina2", "mtambuzi2", "jina3", na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka lipi ndilo linalotumika sasa.

DSpace

DSpace ilitengenezwa na MIT pamoja na HP, ikatoka mwaka 2002, na kwenye vyuo vyetu imeota mizizi kwa ajili ya tasnifu na makala. Mkutubi anaijua, seva ipo, na hakuna wa kuombwa bajeti. Hizo ni sababu nzito. Tena ina mambo inayoyafanya vizuri kuliko wenzake wote kwenye ulinganisho huu. Kila faili linaloingia hupigiwa hesabu ya alama ya ukaguzi, na unaweza kuipangia kazi ya usiku inayorudia hesabu hiyo na kukuambia kama kuna faili lililobadilika hata kwa biti moja. Inakuruhusu kufunga faili moja na kuacha jingine wazi ndani ya kumbukumbu ileile, TIFF kubwa, yaani faili kuu la picha, ikabaki ya ndani na JPEG ikaonekana na kila mtu. Na inatoa anwani ya kudumu ya Handle. (Ukiona anwani ya chuo ina 123456789 katikati, ujue hawakujisajili kupata namba yao, wameacha ile inayokuja na programu. Anwani hiyo haina udumu wowote.)

Lakini ipelekee karatasi yetu. Fomu ya kawaida inadai kichwa na tarehe ya kutolewa. Kichwa ni rahisi, anaandika *Saintpaulia ionantha*. Tarehe ya kutolewa haipo, basi mkutubi anaandika mwaka wa kupakia, tuseme 2024. Penye mwandishi anaweka mkusanyaji. Mwenzake wa zamu ya jioni anaweka mpiga picha. Matokeo yake ukurasa unasomeka kana kwamba mtu aliyekuwa Amani mwaka 1958 amechapisha kitu mwaka 2024, na mtafiti anayesaka mimea iliyokusanywa miaka ya hamsini haioni karatasi hiyo hata akitafuta usiku kucha.

Hili linatibika. DSpace inaruhusu kusajili msamiati mwingine wa metadata (taarifa zinazoelezea faili), kwa hiyo unaweza kuingiza Darwin Core na kutengeneza fomu ya pekee kwa ajili ya mkusanyo wa hebaria. Ukifanya hivyo tarehe inakaa sawa, mkusanyaji anapata safu yake, na jina la mahali linapata lake. Kisichotibika kirahisi ni majina. Safu zinaweza kurudiwa, lakini zinarudiwa kila moja kivyake: utakuwa na majina matatu, watambuzi watatu na tarehe tatu, bila kamba ya kufunga jina la pili na mtambuzi wa pili. Kuanzia toleo la 7, lililotoka mwaka 2021, inawezekana kutengeneza vitu vyenye uhusiano kati yao. Ila kufika hapo unakuwa unajenga kanzidata ya hebaria ndani ya ghala la tasnifu, na fundi wako ni mmoja. Toleo hilo pia linakubali IIIF, ule utaratibu wa kukuza picha kubwa kipande kwa kipande kwenye kivinjari, mradi umeweka pembeni seva ya picha kama Cantaloupe.

Kwangu DSpace ni chumba cha kutunzia faili kuu. Mtafiti wa mimea asipelekwe huko kutafuta sampuli.

Omeka S

Omeka, programu ya maonyesho ya mtandaoni, ilitoka mwaka 2008 kwenye kituo cha Roy Rosenzweig cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Omeka S ikafuata mwaka 2017. Inaendeshwa kwa PHP na MySQL, kwa hiyo hata upangishaji wa kawaida wa tovuti unaiweza. Darwin Core unaiingiza kama msamiati, unatengeneza kiolezo, na kila safu unaipa jina la Kiswahili litakaloonekana kwa msomaji. Kila thamani inaweza kutiwa alama ya lugha, hivyo maelezo ya Kiswahili na ya Kiingereza yanakaa pamoja bila kugombana. Kwa maonyesho ya mtandaoni, kwa wanafunzi wa sekondari, kwa ukurasa wa "mimea ya dawa ya wilaya yetu", haina mpinzani kati ya hizi nne.

Kwa karatasi elfu ishirini, hapana. Historia ya majina inawezekana ukitengeneza kila utambuzi kuwa kitu kinachojitegemea na kukiunganisha na sampuli, jambo ambalo utalifanya kwa karatasi kumi kwa furaha na kwa ya kumi na moja utaanza kuruka. Na siku ya kwanza ukijaribu kupakia TIFF ya megabaiti 200 utagonga kikomo cha PHP cha ukubwa wa faili. Weka JPEG humo, faili kuu zikae kwingine.

Specify na Symbiota, uso kwa uso

Hizi mbili zilizaliwa kwa ajili ya sampuli, na hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo. Zote ni programu huria na zote zinakubali lebo zetu tatu bila kulalamika: kila utambuzi ni mstari wake wenye jina, mtambuzi na tarehe, na mmoja unawekewa alama kwamba ndio unaotumika. *Saintpaulia* haifutwi, inabaki chini ya *Streptocarpus* na jina la aliyeisema.

Specify ni ya Chuo Kikuu cha Kansas. Toleo la 7 linatumika kwenye kivinjari, linakaa kwenye seva yako kwa Docker (njia ya kusimika programu ikiwa imefungashwa pamoja na mahitaji yake) na kanzidata ya MariaDB, na picha zinahifadhiwa na seva ndogo ya viambatisho inayosimama kando. Nguvu yake ni mpangilio. Mahali ni kumbukumbu inayojitegemea: "Amani" inaandikwa mara moja na karatasi mia tatu zinaielekea, kwa hiyo ukirekebisha latitudo mara moja zote zimerekebishika. (Ukiiharibu mara moja, zote zimeharibika, toa ruhusa hiyo kwa watu wachache.) Ina azima za sampuli, ina uchapishaji wa lebo, na sehemu yake ya kupakia majedwali inakagua Excel yako kabla ya kuipokea na inakuruhusu kuirudisha nyuma fungu zima likiingia vibaya. Wenye wadudu, samaki na mimea chini ya paa moja watafurahi, maana kila mkusanyo unapata fomu zake. Gharama ni mafunzo. Mtu hawezi kuketi leo na kuielewa leo, na fundi asiyejua Docker atahangaika hasa kwenye ile seva ya viambatisho.

Symbiota, iliyokulia Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ni tovuti ya pamoja. Hebaria nyingi zinakaa kwenye mlango mmoja, kila moja ikihariri za kwake. Unaweza kusimika ya kwako kwa PHP na MariaDB, lakini uzuri wake unaonekana ukijiunga na wengine. Yenyewe haina shida ukianza na picha: unapakia picha zenye namba kwenye jina la faili, mfumo unaisoma namba hiyo na kutengeneza kumbukumbu ya mifupa mitupu, labda namba, jina na nchi. Kuanzia hapo mwanafunzi aliyeko Mwanza anaweza kusoma lebo kwenye skrini na kujaza zilizobaki bila kuigusa karatasi iliyoko Dar es Salaam. Lebo za taipu zinaweza kusomwa na mashine kwanza, binadamu akasahihisha. Mwandiko wa mkono, hasa ule wa Kijerumani wa karatasi zenye D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, bado unamsubiri mtu mwenye subira.

Kuna jambo moja ambalo kwangu lingetosha kuipa Symbiota kura. Wakusanyaji wa mimea huchukua matawi kadhaa ya mmea mmoja siku moja, kwa namba moja, na kuyagawa hebaria mbalimbali. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na muda wote huo nakala zilikuwa zinakwenda Kew, bustani ya mimea ya London, na kwingineko. Symbiota inatafuta mkusanyaji huyohuyo na namba hiyohiyo miongoni mwa hebaria nyingine za mlango, ikiona pacha wa sampuli yako ambaye lebo yake imeshaandikwa, inakupa uinakili. Kazi ya robo saa inakuwa ya dakika moja. Lakini hili linategemea wenzako kuwa humo: mlango usio na mimea ya ukanda huu hautakupa pacha yeyote, kwa hiyo kabla ya kujiunga tafuta majina ya wakusanyaji wako humo uone kama yapo.

Specify inakaa kwako, na mtandao wa nje ukikatika kazi inaendelea ndani ya jengo. Symbiota ya kujiunga ikikosa intaneti inasimama. Umeme ukikatika zote zinalala, hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Kwenye Symbiota data yako iko kwenye seva ya mtu mwingine, jambo linalowatia wasiwasi wakuu wa idara kuliko linavyostahili, kwani unaweza kupakua nakala kamili ya kumbukumbu zako wakati wowote. Wasiwasi wao ungefaa zaidi kwenye picha. Baadhi ya milango inataka picha zikae kwako na wao waonyeshe kwa kiungo, na siku seva yako ikibadilishwa jina, picha zote zinageuka visanduku vyeupe.

Hali ni hiyohiyo kwa GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, ambako Tanzania inashiriki kupitia COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. GBIF inapokea kumbukumbu zako na inaonyesha picha kwa kiungo, lakini faili kuu haikutunzii. Specify na Symbiota zote zinatoa mafungu yanayoingia huko bila kuandikwa upya.

Kuhusu nyingine, kwa ufupi. EMu ya kampuni ya Axiell imetumika Makumbusho ya Historia Asilia ya London na Smithsonian, na bei yake ni ya wakubwa hao. Arctos ni nzuri kwa wenye wanyama, inapangishwa na jumuiya yake. BRAHMS ya Oxford inajulikana na wataalamu wengi wa mimea wa ukanda huu. Kama mtunza sampuli wako ana miaka kumi ya data humo, usimhamishe kwa sababu ya picha tu.

Kamera au skana

Kuna skana iliyogeuzwa kichwa chini, HerbScan, iliyobuniwa Kew: karatasi inainuliwa taratibu kuelekea kioo badala ya mmea mkavu kupinduliwa na kumwaga majani. Ndiyo iliyotumika kwenye mradi wa mimea ya Afrika uliokuja kuwa JSTOR Global Plants, kwa kiwango cha pikseli 600 kwa inchi. Fanya hesabu: karatasi yetu ni inchi 11.5 kwa 16.5, kwa hiyo picha ni pikseli 6900 kwa 9900, zaidi kidogo ya milioni 68, na kila pikseli baiti tatu. Faili moja la TIFF ni kama megabaiti 205. Karatasi elfu ishirini ni terabaiti 4.1, na ukiweka nakala tatu umevuka 12.

Kamera ya megapikseli 24 kwenye stendi, pikseli 6000 zikilala kwenye upande wa sentimita 42, inakupa kama 360 kwa inchi. Nywele za jani unaziona, punje za chavua huzioni, na hata kwa 600 usingeziona. Kasi ni nyingine kabisa: skana inataka dakika kadhaa kwa karatasi, kamera iliyopangwa vizuri haifiki dakika moja. Ushauri wangu ni kuzipa 600 sampuli zile chache ambazo spishi zilipewa majina kutokana nazo, na zilizobaki zote zipigwe kwa kamera, ukitunza faili ghafi la kamera na JPEG ya ubora wa juu. Elfu ishirini kwa njia hiyo haifiki terabaiti moja. Rula na kadi ya rangi ziwe ndani ya fremu kila mara. Picha isiyo na rula haimsaidii anayetaka kupima jani.

Angalia pia metadata ambayo kamera inaiandika yenyewe ndani ya picha. Tarehe iliyomo ni ya kupigwa picha. Programu inayosoma tarehe hiyo na kuijaza kwenye safu ya tarehe itaufanya mmea wa 1958 kuwa wa mwaka huu, na hakuna atakayegundua mpaka mtu achore grafu.

Nakala moja ikae jengo jingine, ikiwezekana mji mwingine. Machi 1943 mabomu yalichoma hebaria ya Berlin-Dahlem, na sehemu kubwa ya sampuli za Wajerumani kutoka Afrika Mashariki iliteketea humo. Kuanzia mwaka 1929 Macbride wa Field Museum ya Chicago alikuwa amepiga picha sampuli za huko, lakini lengo lake lilikuwa mimea ya Amerika ya kitropiki. Spishi za Peru na Brazili zilizochomwa zina picha zake hadi leo. Za huku ziliokolewa pale tu ambapo pacha alikuwa amebaki Amani au amepelekwa kwingine.

Namba kwanza, programu baadaye

Ukikosea programu utahama. Ukikosea namba utaanza upya. Kila karatasi ibandikwe msimbopau kabla ya kupigwa picha, wenye msimbo wa hebaria kama ulivyo kwenye Index Herbariorum, orodha ya kimataifa ya hebaria (EA ni Nairobi, DSM ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, MHU ni Makerere) pamoja na tarakimu. Faili la picha lichukue jina hilohilo, picha ya pili ikipata _2 mwishoni. Asije mtu akaita faili kwa jina la spishi. Aliyezipa picha zake jina Saintpaulia ameshaona 2015 ilivyomfanya.

Lebo inayosema siri

Msandali, *Osyris lanceolata*, umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa nchi za Afrika Mashariki kwa sababu ya kung'olewa kwa magendo. Karatasi yake yenye latitudo na longitudo kamili ni ramani ya mwizi. Kawaida ni kuzungusha hadi nyuzi 0.1, yaani kama kilomita 11, na Symbiota ina sehemu ya kuficha mahali kwa spishi unazozitaja. Wanachokisahau wengi ni picha: safu imefichwa, lebo inasomeka kwenye JPEG palepale. Kwa spishi za namna hii toa kwa umma picha iliyofifishwa lebo na uifungie ile kamili. Hapa ule uwezo wa DSpace wa kufunga faili mojamoja unalipa. Picha za porini zilizopigwa kwa simu nazo zifutwe GPS kabla ya kupanda mtandaoni.

Leseni ziamue mapema na uziandike kwenye kila kumbukumbu. GBIF inapokea tatu tu: CC0 (bila masharti), CC BY (mwenye kazi atajwe) na CC BY-NC (atajwe, na isifanyiwe biashara). Mimi naweka CC0 kwenye data na CC BY kwenye picha. Hoja ya "tukiweka wazi watatuibia" huwa inatolewa na mtu ambaye sampuli zake hazijawahi kunukuliwa popote.

Kwa hiyo, ipi?

Kwa chuo nilichokichukua kama mfano, yaani karatasi elfu ishirini, mimea pekee, fundi mmoja na intaneti ya kuridhisha, ningechukua Symbiota kwa kumbukumbu na DSpace kwa faili kuu, zikiunganishwa kwa namba ya msimbopau. Upande wa DSpace ujaze safu chache tu: namba, jina la sasa, mkusanyaji, tarehe ya kukusanya, leseni na kiungo cha kumbukumbu kamili. Jina likibadilika unalibadilisha Symbiota, na upande wa DSpace unasawazisha mara moja kwa mwaka.

Kama una makumbusho yenye wadudu na samaki, azima zinazotoka kila mwezi na fundi anayeijua Docker, chukua Specify wala usisite. Kama karatasi hazifiki elfu moja na hakuna mtu wa kuendesha chochote kipya, baki na Excel yenye vichwa vya Darwin Core na picha kwenye DSpace yenye fomu yake, ukazipeleke kumbukumbu GBIF. Omeka S iongeze juu ya yoyote kati ya hizo ukishapata karatasi mia za kuonyesha, siyo kabla.

Kabla ya kusaini chochote, fanya jaribio la karatasi hamsini, na uzichague mbaya makusudi: yenye lebo tatu, isiyo na tarehe, ya mwandiko wa Kijerumani, yenye mimea miwili juu ya karatasi moja, yenye msandali. Ziingize zote, kisha uombe zitolewe: CSV ya kumbukumbu, CSV ya utambuzi, na picha zenye majina yake. Hesabu mistari. Fungua kumi ovyoovyo uzilinganishe na karatasi zenyewe mezani, mtunza sampuli akiwa amekaa pembeni, maana yeye ndiye atakayeona haraka kama T3 imegeuzwa kuwa namba ya kabati.